Uso wa Isaka

Mtaani Kikula, ukiuliza nyumba ya Mama Christiane, watu hawakuelekezi kwa namba. Wanakuambia usikilize. Utasikia tik, tik, tik, kisha kimya, kisha tena tik, tik, kama ndege anayegonga mti na kupumzika. Ndiye yeye, yuko nyuma ya nyumba, ameinamia sanduku la lami analolazia bamba, anafua shaba. Majirani walishazoea. Mlio ukikosekana siku mbili, hutuma mtu kwenda kuuliza kama ni mzima.

Kazi hiyo hakuisomea. Alipokuwa na miaka kumi na mitano alitumwa kufagia karakana ya Bruda Aldo, Mwitaliano mfupi aliyewafundisha wavulana ufuaji. Wasichana hawakupokelewa. Siku moja Bruda alimkuta amechutama kwenye kona na msumari na jiwe, amemchora jogoo juu ya kipande cha shaba kilichotupwa. Akamtazama jogoo, akamtazama msichana, akachukua ufagio mkononi mwake na kumkabidhi mwanafunzi aliyekuwa karibu. Mwanafunzi huyo aliitwa Évariste. Leo ana mvi na karakana yake mwenyewe kule Shituru, lakini akitaka kumtania Christiane humwita dada mkubwa, «Yaya, ni zamu yako ya kufagia.»

Bruda alimfundisha kwamba bamba la shaba hufuliwa kwa nyuma ili kitu kitokeze mbele. Unagonga usichokiona. Ukitaka kujua umefanya nini, sharti uling'oe bamba kwenye lami, uligeuze, ulitazame. Alimfundisha pia kwamba shaba ikigongwa sana inakuwa ngumu, kama mtu aliyegombezwa mchana kutwa; hapo uitie motoni, itulie, ilainike, ndipo muendelee kuelewana. Lakini kila ukikosea na kuanza upya, shaba inapungua unene. Kosa la kwanza inasamehe. La pili pia. Kuna kosa ambalo halisamehewi, hapo bamba linapasuka.

Jioni, kabla ya kufunga, Bruda alikuwa akifungua kitabu kikubwa cha picha na kuwasimulia habari za mji wa Florence, zama zile watu wa Italia walipoanza kufukua sanamu za kale, kusoma vitabu vilivyosahauliwa, na kuulizana upya mtu ni nini. Hadithi aliyoirudia kuliko zote ni ya milango. Kanisa la ubatizo lilitaka mlango wa shaba nyeusi, na chama cha wafanyabiashara wa vitambaa ndicho kilichogharamia. Mafundi walishindanishwa: shaba sawa, muda sawa, na jambo moja la kuchora, Abrahamu akimtoa mwanawe Isaka sadaka. Mwisho walibaki wawili, Lorenzo na Filippo, vijana wa miaka ishirini na kitu. Wengine husema waamuzi walishindwa kuchagua, wakawaambia wafanye kazi pamoja, na Filippo akakataa. Alifunga mizigo yake akaenda Roma. Mabamba yao yote mawili yapo mpaka leo.

Christiane aliyasikia hayo kama mtu anavyosikia habari za ukoo. Lorenzo na Filippo walikuwa kwake kama wajomba wanaoishi mbali. Bruda alipozeeka akarudishwa kwao, kitabu alimwachia yeye.

Aliolewa na Georges, fundi wa reli. Georges akafariki mapema, akamwachia mtoto mmoja, Elie. Kwa tembo wa shaba, kwa kina mama wa shaba wanaotwanga, kwa Karamu za Mwisho zilizotundikwa juu ya televisheni za watu, Christiane alimlea Elie mpaka akaingia chuo. Chuo kilipomshinda, Elie alipata kazi kwa Clovis, mfanyabiashara wa madini mwenye mashimo nyuma ya kilima, njia ya Kambove. Christiane alilia. Elie alicheka.

«Mama, minye sishukake mu shimo. Minye ni mutu wa buku. Ninaandikaka tu majina ya benye banashuka.»

Kweli alikuwa na mwandiko mzuri, uliolala kidogo upande wa kulia. Kila asubuhi alikaa kwenye mdomo wa shimo la tatu na daftari juu ya magoti, akiandika kila mchimbaji anayeshikilia kamba kuteremka, na jioni akiweka alama kwa kila anayepanda.

Jumatano moja ya mwezi wa pili, baada ya mvua ya wiki nzima, shimo la tatu lilianguka. Daftari lilikuwa na majina kumi na moja. Walichimba siku tatu wakatoa miili kumi na mmoja. Hesabu ikatimia, wakafunga shimo, na baadaye mashine ikasawazisha udongo wote mpaka usingejua kwamba mtu aliwahi kuchimba pale.

Elie hakuwa kwenye daftari. Na nyumbani hakurudi.

Christiane alikwenda bohari la Clovis mara tatu akaambiwa patron amesafiri. Mara ya nne Clovis mwenyewe alitoka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. «Maman, ule mutoto wa buku alitoka asubuhi. Woga ilimukamata, akakimbia. Batoto ba leo.» Wengine walisema wamemwona Kitwe, ng'ambo ya mpaka, na mwanamke. Kaka mkubwa wa marehemu Georges akakataa katakata watu kukaa matanga. «Hatulilie mutu mwenye iko muzima,» alisema. Basi miaka miwili ikapita bila kilio, bila misa, bila kunyoa nywele. Christiane akipika bukari, ugali wao, alikuwa bado anasonga wa watu wawili. Kitu kimoja tu alichotaka Christiane hapa duniani kilikuwa kujua: mtoto wake yuko chini ya kile kilima, au hayuko?

Ndipo Padri Philippe akamwita.

Kanisa jipya la parokia lilikuwa limepata paa lakini halijapata milango. Padri alikuwa amesoma Roma miaka sita, na wazo lilimjia ambalo lilimfurahisha kama mtoto. Alimkalisha Christiane na Évariste kwenye viti vya plastiki akaanza kuwasimulia Florence. Christiane alimwacha amalize, ingawa habari hizo alizijua kwa miaka thelathini na minane.

«Tutafanya sawa vile bao balifanya,» Padri alisema. «Bafundi babili, shaba sawasawa, miezi tatu. Abrahamu, Isaka, malaika, kondoo, punda, na batumishi babili. Baamuzi batachagua.»

«Na shaba inatoka kwa nani?» aliuliza Christiane.

Padri alikohoa. «Kwa Papa Clovis. Yeye anatoa mulango yote.»

«Basi mupatie Évariste. Shaba ya ule mutu, minye sitaigusa.»

«Maman, sikiliza. Kule Florence benye benki balikuwa banakopesha na riba, na Kanisa ilikuwa inakataza. Baliogopa moto ya milele, bakajenga makanisa, bakalipa bachoraji. Bamoja balichorwa banapiga magoti pembeni ya Bikira. Leo tunasali mule. Nani anauliza ile franga ilitoka wapi?»

«Hakuna mwenye anauliza, mon père, juu benye balilipa njo balichorwa,» alisema Christiane. «Benye balilipishwa, bao balichorwa wapi?»

 Kabla Padri hajajibu, Clovis mwenyewe akaingia, mtu mnene mwenye sauti laini, viatu vyake vikiwa na vumbi la nje. Aliwasalimia wote kwa mkono. Kisha akasimama kama mwanafunzi anayeomba ruhusa.

«Minye sitafute makubwa,» alisema. «Kitu kimoja tu. Ule Abrahamu, mumupatie sura yangu. Siku minye sitakuwa tena, batoto ba batoto bangu bapite ku mulango, baseme: ule njo nkambo, babu yetu.»

«Na masikio pia, patron?» aliuliza Évariste. «Juu ile masikio yako itamaliza shaba yote.»

Clovis alicheka, akajishika sikio. Padri naye akacheka. Christiane hakucheka. Alikuwa akitazama uso ule, paji pana, mashavu yanayoteremka, na jambo likamjia polepole, kama picha inavyotokeza mbele wakati wewe unagonga nyuma. Mtu huyu anataka kusimama mlangoni na kisu mkononi juu ya mtoto wa mtu. Vema. Atasimamishwa. Na aliye chini ya kisu atakuwa Elie. Siku ya kufunua, Christiane hatatazama bamba, atamtazama Clovis. Mtu anaweza kuufundisha ulimi wake kusema uongo, lakini uso unachelewa kujifunza.

«Nitafanya,» alisema. «Utaonekana vizuri, patron.»

Kwa majuma ya kwanza alikuwa na kitabu cha Bruda wazi kando ya sanduku la lami. Maisha yake yote aliyatazama mabamba yale mawili kwa jicho la fundi. Isaka wa Lorenzo ana kifua kizuri mno, anapiga magoti akimwangalia baba yake kama anayeangalia mgeni. Isaka wa Filippo amekunjwa shingo, baba amemkaba, na malaika ameuwahi mkono wa baba akaukamata. Sasa aliuliza swali ambalo hata Bruda hakuwahi kuliuliza. Vijana wawili waliosimama uchi mbele ya mafundi hao, ili wachorwe kama Isaka, walikuwa watoto wa nani? Mama zao waliingia kanisani wakawaona? Kitabu kiliwataja wafadhili wa mlango, kikataja uzito wa shaba. Juu ya vijana wale, hakuna neno.

Abrahamu alimmaliza kwa siku tisa, kwa sababu chuki ina kumbukumbu nzuri. Isaka alimtesa. Picha ya Elie aliyokuwa nayo ni moja, ya kadi ya chuo, ndogo kama ukucha wa dole gumba. Uso wa kwanza aliogonga, alipougeuza, ulikuwa wa Georges. Akalitia bamba motoni, akaurudisha uso ndani, akaanza upya. Wa pili ulikuwa na afya kupita kiasi, uso wa mtoto wa tajiri. Akaurudisha. Sasa shaba pale ilikuwa nyembamba, aliihisi kwa kidole. Mara ya tatu hakuitazama picha kabisa. Alifumba macho akagonga, nyusi zinazokaribia kukutana, mdomo unaotaka kusema kitu cha kuchekesha, na kwa tindo dogo kuliko yote, kovu la juu ya jicho la kushoto, pale alipoanguka kwenye ngazi ya shule.

Aligeuza bamba. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mlio ulikoma siku mbili, na jirani akatuma mtu kuja kuuliza.

Siku ya kuamua ilikuwa Jumapili, baada ya misa ya pili, ndani ya kanisa lisilo na milango, upepo ukipita kama nyumbani kwake. Waamuzi walikuwa saba: Padri, wanaparokia watano, na Clovis. Mabamba yalisimama kwenye meza, yamefunikwa vitenge.

Walifunua la Évariste kwanza. Lilikuwa kazi safi. Punda wake ungedhani atakula kitenge. Masikio ya Abrahamu yalikuwa makubwa, na watu walipocheka Clovis alicheka kuwazidi. Kisha wakafunua la Christiane.

Clovis alisogea. Aliinua mkono akaigusa pua yake mwenyewe ndani ya shaba, kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa maji kujua kama ni ya moto. «Huyu ni minye kabisa,» alisema. Halafu macho yake yakashuka, yakaufuata mkono wa kisu mpaka chini.

Mkono wake ukabaki hewani.

«Na huyu kijana ni nani?» aliuliza mwamuzi mmoja. «Sura haiko ya Kiyahudi,» alisema mwingine. Mwamuzi wa tatu alimuuliza Christiane kama alitumia picha. Wote waliuliza. Mtu mmoja tu hakuuliza, naye alikuwa anatafuta kiti kwa mkono bila kugeuka.

Christiane alimtazama akajua. Akaishikilia meza.

Ndipo Mama Gertrude, mzee wa kwaya, akajongea na miwani yake. «Mais huyu ni Elie,» alisema polepole. «Elie wa Christiane. Ona ile kovu.»

 Padri aliwachukua mafundi wote wawili mpaka sakristia akateremsha pazia. Alikuwa ameloa jasho. Alisema kazi zote mbili zimependwa, kwa hiyo wafanye pamoja: Évariste ubao wa kuume, Christiane wa kushoto, na bamba la Christiane litawekwa katikati. Lakini uso wa Isaka ubadilishwe. Papa Clovis ameomba. Mlango wa kanisa si mahali pa kushitakiana.

«Abadilishe nani?» aliuliza Christiane.

«Kama weye haupende, Évariste atabadilisha.»

Évariste alilichukua bamba, akaligeuza, akapitisha dole gumba nyuma ya uso. Alikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. «Haiwezekane, mon père,» alisema. «Shaba hapa imekuwa nyembamba sana. Nikitia tindo tu, itapasuka. Utakuwa na Isaka mwenye tundu ku uso.»

Christiane alijua unene wa shaba ile kuliko mtu yeyote. Ilikuwa inaweza kuvumilia moto mara moja tena. Alimtazama Évariste. Évariste alikuwa anamtazama punda wa kwenye bamba.

Jumanne alasiri Clovis alikuja Kikula kwa miguu, bila dereva. Alisimama nyuma ya nyumba mpaka mlio ukakoma. Christiane hakumpa kiti. Akajikalia mwenyewe juu ya gogo.

«Nilisema uongo,» alisema. «Siku ya kwanza sikukuwa najua. Nilikuwa na buku, na buku ilisema kumi na moja. Ile asubuhi kumi na moja bote balishuka. Kwenye saa tano baliita kutoka chini: mutu wa kuvuta mifuko amegonjwa, iko anakaa tu, batume mwingine. Hakukuwa mutu. Elie alipatia sentinelle, ule mulinzi, buku, akashika kamba, akashuka. Mwenye anaandika hajiandikake, maman. Njo vile tu. Hakujiandika.»

Christiane alikuwa bado ameshika nyundo. Akaiweka chini.

«Sentinelle alinielezea siku ya ine,» Clovis aliendelea. «Bantu ba serikali balishafika, nilishabaambia kumi na moja, tulishafunga. Nikisema kumi na mbili, batauliza juu ya nini niliacha kuchimba. Nikanyamaza. Na kunyamaza, siku moja inazaa ingine.»

«Alikuwa bado muzima?»

«Hapana. Ile udongo… hapana, maman. Saa ile ile.»

«Unajua, ao unasema tu?»

Clovis alitazama mikono yake. «Ninasema tu,» alijibu.

Kuku alipita katikati yao. Kisha Clovis akasema alichokuja kukisema. Mashine ilisawazisha uwanja wote. Pale mdomo wa shimo la tatu ulipokuwa, hakuna anayejua isipokuwa yeye, kwa sababu sentinelle alishakufa. Atamwonyesha. Ataweka msalaba, atalipia misa, familia ikae matanga, yeye mwenyewe atamwambia shemeji yake Christiane kwamba kijana hayuko Kitwe. Lakini ule uso uondoke. «Mulango itabakia miaka mia. Batoto bangu batapita pale kila siku ya Mungu. Nipunguzie ile moja, maman. Ninakuomba.»

«Na nikikataa?»

«Ukikataa, nitapita mbele yake kila siku ya Mungu, na sitasema tena kitu. Nimezoea.»

Alipoondoka, Christiane alifungua kitabu. Alitafuta habari za Filippo aliyekataa kugawana, akaenda zake na fahari yake Roma. Tangu usichana wake alikuwa upande wa Filippo. Alitazama bamba la Filippo kitabuni, malaika mwenye haraka, mkono uliokamatwa. Lakini Filippo hakuwa na mtoto ndani ya bamba lile. Akafunga kitabu. Alilifunga bamba lake mwenyewe ndani ya kitenge, akalibeba mgongoni, akaenda Shituru.

Évariste alikuwa anakula, samaki wa ziwa Tshangalele na bukari. Alimsogezea sahani bila kusema. Christiane alikula matonge mawili kwanza, kwa heshima, ndipo akamweleza yote.

«Haitapasuka,» alimaliza. «Unajua.»

«Najua,» alisema Évariste.

«Juu ya nini ulisema uongo mbele ya padri?»

«Juu mu hii muji uongo yote inafanyiaka kazi matajiri. Nilitaka moja itufanyie kazi siye.» Alinawa mikono. «Yaya, fikiri vizuri. Ule uso ukiutoa, hautaupata tena. Ulishaufanya mara tatu. Mi nilikuangalia kwa miaka makumi tatu na minane, na sijaona uso kama ule. Si weye, si minye, si Bruda.»

«Uso ninao,» alisema Christiane. «Fasi njo sina, pahali penye analala.»

Waliwasha moto wa makaa. Christiane alishika koleo, kwa sababu Évariste alisema hilo hatalifanya yeye. Shaba ilipata rangi ya machungwa, ikapata rangi ya damu, wakaitoa, wakaizima majini. Ikalainika kama ngozi. Wakailaza juu ya lami, uso ukitazama juu, na Évariste akachagua tindo pana, butu, akalifunga kitambaa ncha ili lisiumize. Aliuliza kwa macho. Christiane aliitikia kwa kichwa. Akagonga mdomo kwanza. Kisha nyusi. Kovu lilikuwa la mwisho kuondoka, likabaki kama alama ya kucha, mpaka Christiane mwenyewe akachukua tindo mkononi mwa Évariste akalimaliza.

Baadaye alikigonga kisogo mahali pale, ili Isaka awe ameinamisha kichwa, uso wake ukielekea ndani ya mbao. Kazi ilikuwa safi. Asiyejua asingeona kitu.

Clovis alitimiza neno. Alhamisi alikuja na gari, akawachukua Christiane, Évariste na Padri Philippe mpaka nyuma ya kilima. Palikuwa uwanja mwekundu, majani machache, mawe madogo ya kijani ambayo mvua imeyaosha. Clovis alisimama kwenye kichuguu kikubwa akaanza kuhesabu hatua kwa sauti, mbele, halafu kulia. Alisimama, akarudi, akahesabu tena. Mara zote mbili aliishia mahali pamoja.

«Ni hapa.»

«Sema jina,» alisema Christiane.

«Elie.»

«Yote.»

Clovis alimgeukia Padri, akamgeukia Évariste. Miaka mitatu kijana alimwandikia, na hakulijua. Christiane alimtajia. «Mwilambwe. Elie Mwilambwe Georges.» Clovis akalirudia, polepole, akikosea mara moja na kusahihisha, na Évariste akavua kofia. Padri alisali sala fupi. Msalaba wa chuma ulikuwa kwenye gari. Évariste alikwenda kuuchukua.

Christiane alibaki anatazama ardhi. Haikuwa na tofauti yoyote na ardhi ya pembeni yake.

«Alikuwa anaangalia wapi?» aliuliza.

«Namna gani, maman?»

«Uso yake. Iliangalia upande gani?»

Padri alitaka kumshika bega, lakini Clovis alikuwa ameanza kufikiri, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyewahi kushuka shimoni mwenyewe. Alinyoosha mkono kuonyesha njia ya chini kwa chini ilivyokwenda, kutoka pale walipo kuelekea kilima. «Alikuwa anavuta mifuko,» alisema. «Mwenye anavuta mifuko anaendaka nyuma nyuma. Mugongo ku mulango ya shimo, uso ndani. Basi aliangalia kule. Kilima.»

Christiane aliupita msalaba ambao Évariste alikuwa anaanza kuusimika, akatembea hatua tano kuelekea kilima, akageuka kuelekea msalaba, pale Elie angemwona, akaketi chini kwenye udongo mwekundu. Walimwambia mvua inakuja. Alisema watangulie kwenye gari.